Kurasa Zilizobaki Mezani

Mama mmoja wa Nyalenda aliniletea Biblia yake ikiwa imefungwa kwa kipande cha leso, kwa sababu jalada lilikuwa limeachana na mgongo na nyuzi zote zilikuwa zimeoza. Kazi yangu hapa Kisumu ni kushona na kujalidi vitabu: vya kiada shule zinapofunguliwa, vya hesabu za wenye maduka, na, kwa wingi kuliko watu wanavyodhani, vitabu vitakatifu, kwa maana hicho ndicho kitabu ambacho familia nyingi hukifungua kila siku na hazithubutu kukitupa kinapochakaa. Panya walikuwa wametafuna pembe za chini, mahali nambari za kurasa zinapochapishwa, na karatasi nyingi zilikuwa zimechanika kwenye mikunjo. Nikaiweka Biblia yangu ya nyumbani kando ya meza iwe kielelezo, nikapanga karatasi za mama kwa kufuata majina ya vitabu yaliyo juu ya kurasa, Mwanzo hadi Ufunuo, nikatoboa, nikashona, nikapaka gundi na kubana kwa mbao. Nilipoinua macho, rundo la karatasi lenye unene wa kidole lilikuwa bado limekaa mezani.

Juu ya kurasa hizo yalikuwa majina ambayo mimi, niliyelelewa katika Kanisa la Marafiki, la Kiprotestanti, huko Vihiga, sikuwahi kuyasikia yakisomwa ibadani: Tobiti, Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira, Baruku, Wamakabayo. Nilidhani ni kitabu kingine cha sala ambacho mama alikuwa amekitia humo. Kama ningeigeuza karatasi ya mwisho ya Nehemia ningeshtuka mapema, kwa sababu Tobiti anaanzia nyuma yake. Lakini sikuigeuza, nikaishona jinsi ilivyo.

Mama alipokuja kuichukua, aliifungua palepale, akapekua, akarudi nyuma, akapekua tena. "Mwanangu," akasema kwa upole uliouma kuliko kelele, "umenishonea Biblia ya jirani."

"Mama, kurasa hizi nilidhani si za humu."

"Si za humu? Basi Tobia na mbwa wake watakwenda wapi?"

Kazi ile niliifumua na kuirudia bila kudai malipo, na katika majuma yaliyofuata nikaanza kusoma ili nijue ilikuwaje Wakristo wawili wanaokaa mtaa mmoja wakawa na Biblia zisizolingana unene. Niliyoyapata yalinitoa nje ya Ukristo kabisa, yakanipeleka katika dini nyingine ambazo wafuasi wake pia huleta vitabu vyao kwenye meza hiyohiyo.

Habari ya karatasi za mama inaanzia Alexandria, Misri, katika karne ya 3 KK, ambako Wayahudi waliokuwa wamezoea Kigiriki walianza kutafsiri Torati katika lugha hiyo, na baada yake vitabu vingine vingi. Mkusanyo huo wa Kigiriki ulikuwa mpana kuliko ule wa Kiebrania, ambao Wayahudi huuhesabu kuwa vitabu 24 na Waprotestanti huugawa kuwa 39 bila kuongeza neno. Wakristo wa kwanza wengi walisoma Kigiriki, kwa hiyo waliurithi mkusanyo mpana. Yeronimo, aliyetafsiri Biblia kwa Kilatini akiwa Bethlehemu mwishoni mwa karne ya 4 na mwanzoni mwa karne ya 5, aliuamini zaidi ule wa Kiebrania, na kuhusu Tobiti aliandika kwamba aliimaliza kwa kazi ya siku moja tu, kama fundi anayetimiza ombi la rafiki huku akili yake iko kwingine. Hata hivyo vitabu hivyo vilibaki ndani. Martin Luther, katika Biblia yake ya Kijerumani ya mwaka 1534, hakuvitupa. Alivihamisha tu vikakaa kati ya Agano la Kale na Jipya, na Mtaguso wa Trento, mkutano wa maaskofu Wakatoliki, ukajibu mwaka 1546 kwa kutangaza kwamba ni Maandiko sawa na mengine. Hata Biblia ya Kiingereza ya mfalme James ya mwaka 1611 ilivichapisha.

Kilichoviondoa kwenye meza za watu kama baba yangu kilikuwa uamuzi wa wafadhili zaidi ya mjadala wa wanateolojia. Mwaka 1826 chama cha Biblia cha Uingereza, baada ya ugomvi mkali uliochochewa na wanachama wa Uskoti, kiliamua kwamba fedha zake zisitumike tena kuchapisha Biblia zenye vitabu hivyo. Wamishonari wa Kiprotestanti walipofika kwetu miongo kadhaa baadaye, Biblia waliyoibeba ilikuwa tayari imepungua kwa unene wa kidole. Wakatoliki wakaendelea na vitabu 73, Waprotestanti na 66, na Waorthodoksi wa Ethiopia, ambao Luther na Trento hawakuwahusu hata kidogo, wana 81.

Hapa niseme jambo ambalo wasomi hulijua, ingawa kwangu lilitoka mikononi. Swali la vitabu gani vimo na vipi havimo haliwi kali mpaka pawepo jalada. Maandiko ya kale yalikuwa magombo, yaani ngozi au mafunjo yaliyokunjwa, na kila gombo lilibeba kitabu kimoja au vichache. Gombo kuu la Isaya, mojawapo ya yale yaliyogunduliwa kwenye mapango ya Qumran kando ya Bahari ya Chumvi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, lina urefu wa zaidi ya mita 7, na ni vipande 17 vya ngozi vilivyoshonwa pamoja. (Nimejaribu kukisia aliyeshona alitumia sindano ya aina gani, mishono yake ni ya mtu asiye na haraka.) Magombo hukaa kwenye mtungi au kwenye rafu, na hakuna anayelazimika kuamua kama Tobiti amtangulie Esta. Kwa hakika vipande vya Tobiti, kwa Kiaramu na Kiebrania, vilipatikana Qumran pamoja na vya Isaya, kila kimoja kivyake.

Wakristo walikuwa wepesi mno kuliacha gombo na kushika kitabu cha kurasa, na kufikia karne ya 4 mafundi waliweza kushona Biblia nzima ndani ya jalada moja. Fundi mwenye lundo la kurasa mbele yake hana budi kuuliza: hiki kinaingia au kinatoka? Kinatangulia nini? Mwaka 367 Athanasio, askofu wa Alexandria, aliandika barua ya Pasaka iliyoorodhesha vitabu 27 vya Agano Jipya, vilevile kama tulivyo navyo leo. Lakini kitabu kinachoitwa Sinaiticus, kilichonakiliwa karne hiyohiyo, kina Barua ya Barnaba na Mchungaji wa Herma baada ya Ufunuo, kumaanisha kwamba fundi wake aliweka mezani rundo tofauti na la Athanasio. Abiria mmoja kwenye matatu ya Kondele aliwahi kutueleza kwa sauti ya kuhutubia kwamba vitabu vya Biblia vilipigiwa kura kwenye mtaguso wa Nikea mwaka 325 chini ya mfalme Konstantino. Nimesikia hadithi hiyo mara nyingi, na haina msingi: kanuni zilizotoka Nikea zipo na zinasomeka, na hakuna hata moja inayoorodhesha vitabu.

Mafunjo niliyoyataja yanamea hapa kwetu. Ukishuka Dunga utayaona yamesimama majini kama jeshi lenye manyoya kichwani, na wenyeji huyakata kwa ajili ya mikeka na vikapu. Ni mmea uleule wa Wamisri. Jumamosi moja nilichukua mabua machache, nikamenya ganda la kijani, nikakata moyo wake mweupe kuwa vipande vyembamba, nikavipanga tabaka moja kwa wima na la pili kwa ulalo, nikavigonga kwa nyundo ya mbao na kuvilaza chini ya mawe siku sita. Nilipata kitu cha rangi ya chai ya maziwa, kigumu, chenye mistari, ambacho kalamu ya wino hukwama juu yake kila baada ya herufi mbili. Kitu kama hicho ndicho kilichobeba Injili: kipande cha Yohana kilichoko Manchester, ambacho wataalamu wengi hukiweka katika karne ya 2, ni mafunjo ya ukubwa wa kiganja cha mtoto, na kimeandikwa pande zote mbili, ishara kwamba kilitoka katika kitabu cha kurasa wala si gombo. Hata jina Biblia linatokana na neno la Kigiriki lililotaja mmea huo, na katika asili yake ni wingi, "vitabu", jambo ambalo jalada limetusahaulisha.

Baada ya mama wa Nyalenda alikuja maalimu wa Kaloleni na msahafu uliolowa wakati paa la madrasa lilipovuja. Hakuniachia kazi ya kupanga. Alikwenda akatia udhu, akarudi, akaketi kwenye benchi langu na kurasa zilizokauka mapajani, akawa anashika moja, anasoma neno la mwisho kwa sauti ya chini, anaendelea na aya inayofuata kwa moyo akiwa amefumba macho, kisha anainyanyua karatasi inayoanza na aya hiyo. Msahafu wote ulipangika kabla ya adhuhuri, bila kielelezo chochote. Nilimwambia kwamba nimeona wivu. Akacheka, akasema, "Fundi, kitabu hiki kilihifadhiwa vifuani kwanza. Karatasi zilikuja kusaidia."

Maneno yake yanalingana na mapokeo ya Waislamu wenyewe. Mtume Muhammad alipofariki mwaka 632 hapakuwa na msahafu mmoja uliojalidiwa. Zilikuwepo aya zilizoandikwa hapa na pale, na watu waliohifadhi. Muda mfupi baadaye wengi wa waliohifadhi waliuawa katika vita vya Yamama, na Abubakar, kwa ushauri wa Umar, akamwagiza Zaid bin Thabit aikusanye Qurani kutoka kwenye makuti ya mtende, mawe meupe membamba na vifua vya watu. Karibu na mwaka 650 khalifa Uthman akaagiza nakala za mfano ziandikwe na kupelekwa kwenye miji mikubwa, na maandishi mengine yateketezwe ili umma usigawanyike. Karatasi mbili za ngozi zilizoko Birmingham, Uingereza, zilipopimwa zilionyesha kwamba mnyama aliyetoa ngozi hiyo aliishi kati ya mwaka 568 na 645, yaani karibu kabisa na wakati wa matukio yenyewe. Neno letu msahafu lina mzizi mmoja na sahifa: ni kurasa zilizokusanywa. Qurani ni kisomo. Msahafu ni kazi ya fundi.

Jambo moja lililonifurahisha kama fundi ni kwamba waliopanga vitabu hivi mara nyingi walifanya kama nifanyavyo mimi ninapopanga vitabu kwenye rafu, vikubwa kwanza. Baada ya Al-Fatiha sura za Qurani hushuka kwa urefu, kwa jumla, kuanzia Al-Baqara yenye aya 286, na aya ambazo Waislamu wengi huziona kuwa za kwanza kuteremshwa zimo katika sura ya 96. Barua za Paulo nazo kwa jumla zimepangwa kwa urefu, zile za makanisa zikianza na Warumi na zile za watu binafsi zikiishia na Filemoni, na ndiyo maana Wathesalonike wa Kwanza, ambayo yaelekea ndiyo maandishi ya zamani kuliko yote katika Agano Jipya, ya karibu mwaka 50, imefichwa katikati ya rundo. Nyimbo za Rigveda ya Wahindu, katika vitabu vyake vya kale zaidi, zimewekwa kwa makundi ya miungu, na ndani ya kila kundi zile zenye beti nyingi hutangulia. Anayesoma kitabu kitakatifu toka mwanzo hadi mwisho akidhani anafuata mfululizo wa wakati, mara nyingi anafuata rula ya mpangaji.

Rigveda ndiyo inayomtia fundi wa vitabu aibu. Nyimbo zake 1,028 zilitungwa zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, zikapokezanwa kwa mdomo kwa muda mrefu sana, na nakala ya zamani zaidi yenye tarehe kati ya zile maarufu zilizohifadhiwa Pune, India, ni ya mwaka 1464 tu. Walinzi wake waliliamini sikio kuliko jani. Mwanafunzi alifundishwa kukariri maneno kwa kuyasokota: chukua "mwanga unatoka mashariki", useme mwanga unatoka, unatoka mwanga, mwanga unatoka mashariki, mashariki unatoka mwanga, mwanga unatoka mashariki, halafu uendelee hivyo kwa kila neno la kila ubeti. Aliyesahau au kuongeza silabi alijikwaa papo hapo. Sijui uzi wowote unaoshona kwa nguvu kiasi hicho.

Wabudha walianza vivyo hivyo. Hotuba za Buddha hufunguliwa kwa maneno "hivi ndivyo nilivyosikia", na zilibebwa vichwani na makundi ya watawa kwa karne kadhaa, hadi karne ya 1 KK, ambapo huko Sri Lanka njaa na vita vilitishia kuwamaliza waliozikariri, watawa wakakubaliana kuziandika kwenye majani ya mtende. Mkusanyo wao unaitwa Vikapu Vitatu. Tazama jinsi hofu ileile ya Yamama inavyojirudia mahali ambapo hakuna aliyewahi kumsikia Zaid, kwa kuwa alikuwa bado hajazaliwa.

Hofu hiyo huendelea hata kitabu kinapochakaa. Mimi nina sanduku chini ya meza la vipande vya kurasa takatifu visivyoshoneka, na sijawahi kuvitia kwenye taka. Wayahudi wa Fustat, Cairo ya kale, walikuwa na chumba cha namna hiyo katika sinagogi la Ben Ezra, ambako waliweka maandishi yaliyochakaa kwa karne nyingi, na msomi Solomon Schechter alipokwenda huko mwishoni mwa mwaka 1896 alirudi Cambridge na vipande vinavyohesabiwa kuwa zaidi ya 190,000. Mwaka 1972 mafundi waliokuwa wakikarabati msikiti mkuu wa Sanaa, Yemeni, walikuta kati ya paa na dari lundo la kurasa za misahafu ya kale, nyingine zikiwa na maandishi ya chini yaliyofutwa na kuandikwa tena juu yake. Masanduku kama langu ndiyo yaliyowapa wanahistoria kazi.

Kitabu kimoja hakitafika kwenye benchi langu. Reli ilipoingia hapa mwaka 1901, wakati mji ukiitwa Port Florence, Wasikh walikuwa miongoni mwa mafundi wake, na gurdwara yao, nyumba yao ya ibada, ingalipo. Seremala mmoja mzee wa jamii hiyo, anayeninolea visu, alinialika kula huko, maana jikoni mwao hakuna anayeulizwa dini. Guru Granth Sahib, kitabu chao kitakatifu, ilikuwa imelazwa juu ya mito chini ya dari la kitambaa, mtu akiipungia usinga kama anavyopungiwa mfalme, na usiku hubebwa kichwani kwenda kupumzishwa. Hiki ndicho kitabu ambacho historia yake haina giza nyingi: Guru Arjan, kiongozi wao wa kiroho, alikikusanya mwenyewe, Bhai Gurdas akakiandika, mkusanyo huo wa kwanza ukakamilika mwaka 1604, na ndani yake akatia hata tenzi za watu wasio Wasikh, kama Kabir na Sheikh Farid Mwislamu. Mwaka 1708 Guru Gobind Singh, alipokaribia kufa, alitangaza kwamba baada yake hatakuwapo guru mwingine ila kitabu. Chapa ya kawaida ina kurasa 1,430, na ukurasa wa Kisumu ni ukurasa wa Amritsar, mji wao mtakatifu huko India, neno kwa neno. Kwa fundi aliyepanga Biblia ya mtu visivyo, hilo ni kama ndoto.

Huku kwetu jalada lilichelewa, kisha likaja kwa kishindo. Biblia nzima ya Kilogooli, ambayo kazi yake ilianzishwa Vihiga na mmishonari Emory Rees, ilitoka mwaka 1951; ile ya Kiswahili ya Muungano mwaka 1952; ya Dholuo mwaka 1953, mwaka uleule ambao Waahmadiya walichapisha Nairobi tafsiri yao ya Qurani kwa Kiswahili, miaka 30 baada ya ile ya kasisi Godfrey Dale na miaka 16 kabla ya ile ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy. Watafsiri hawakukuta ukurasa mtupu. Mungu alikuwa tayari ana jina, Nyasaye, na Wajaluo na Walogooli hawakuhitaji lingine. Kwa agano, Wajaluo walipewa muma, neno la kiapo, kwa hiyo Agano Jipya ni Muma Manyien na Biblia nzima ni Muma Maler. Anayeishika kwa Kijaluo ameshika kiapo, ilhali mimi kwa Kiswahili nimeshika "vitabu". Wengine hata hawakungoja tafsiri ikamilike: Johana Owalo, aliyepitia Ukristo na Uislamu, alianzisha kanisa la Nomiya mwaka 1914. Baadaye kanisa la Legio Maria, la miaka ya 1960, liliendelea kuimba misa kwa Kilatini wakati Roma yenyewe ilipokuwa ikiiacha lugha hiyo. Yeronimo angejisikia nyumbani zaidi huko kuliko Roma.

Mama wa Nyalenda alirudi siku ya Ijumaa. Safari hii nilikuwa nimefumua kila uzi, nikaiwekea kila karatasi ya Tobiti ukanda wa shashi kwenye mkunjo, nikaanza kushona upya kutoka Nehemia, na jalada jipya nikalifanya la kitambaa cheusi kwa kuwa gamba la plastiki hupasuka kwa joto la hapa. Hakuuliza lolote kuhusu jalada. Alivaa miwani, akafungua katikati, akashusha kidole polepole kwenye safu ya kwanza, akageuza ukurasa, akashusha tena, midomo ikicheza bila sauti. Kidole kikasimama.

"Yupo," akasema, na kuanza kufungua fundo la leso kutafuta pesa.